Kompyuta ya mtumba, katuni ya dakika sita, na mkopo wa milioni tatu

"Shikamoo mwalimu. Ninafundisha shule ya msingi huku Pangani, na jioni ninatengeneza katuni ya dakika sita kuhusu mvuvi anayerudi pwani usiku, tanga lake limechanika. Mashine yangu ni Dell OptiPlex 7040 ya mtumba, ile nyembamba, i5 ya kizazi cha sita, RAM 8GB, diski ya kawaida ya 500GB, haina kadi ya picha. Ninatumia Blender, programu ya katuni za pande tatu. Kurenda fremu moja ya baharini, yaani mashine ichore picha moja hadi ikamilike, kunachukua dakika 14. Nimepiga hesabu nikaona filamu nzima itakula karibu miezi mitatu mashine ikiwaka mfululizo, na kwetu umeme haukai hivyo. Tena vipande vya video nilivyopiga kwa simu, vya kuweka mwishoni, vinakwamakwama nikitaka kuvikata. Fundi wa duka ameniambia hii ni mashine ya kuchapia barua, nichukue ya gemu kwa shilingi milioni 3.2. Kikoba chetu kinaweza kunikopesha, marejesho mwaka mzima. Nikope, au niachane na katuni?"

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Usikope kwa sasa, na katuni usiiache. Nitakueleza kwa kirefu kwa nini, maana nikikwambia tu "usikope" na yule fundi akakwambia "kopa", utabaki na maneno mawili ya watu wawili na fremu ya dakika 14 palepale.

Hesabu yako ni sahihi. Dakika sita ni sekunde 360. Kwa fremu 24 kila sekunde unapata fremu 8,640, na kila moja ikichukua dakika 14 unafika saa 2,016, yaani siku 84, usiku na mchana. Ila ndani ya hesabu hiyo mna namba mbili unazoweza kuzigusa: idadi ya fremu unazorenda kweli, na muda wa kila fremu. Fundi ameiona ya pili tu, na ameona dawa yake ni moja tu, mashine mpya. Mimi naona sehemu kubwa ya zile dakika 14 inatokana na mipangilio ambayo hukuichagua wewe. Ilikuja na programu, na wanaoitengeneza programu hawakuwa wakifikiria OptiPlex ya Pangani.

Kabla ya hapo, hilo la "mashine ya kuchapia barua". Mwaka 1985 kampuni ya Commodore ilitoa Amiga, kompyuta ya nyumbani iliyoanza na kumbukumbu ya kilobaiti 256. RAM yako ni zaidi ya mara elfu thelathini ya hiyo. Mwaka 1990 kampuni ya NewTek ikaitengenezea Amiga kadi ya Video Toaster, iliyokuja na programu ya michoro ya pande tatu, LightWave. Kwa vifaa hivyo studio ya Foundation Imaging walitengeneza vyombo vya angani vya filamu ya kufungulia mfululizo wa runinga wa Babylon 5, iliyorushwa Februari 1993, na kazi hiyo ikapata tuzo ya Emmy. Wakati huo studio nyingi bado zilikuwa zikichonga vyombo vidogo vya mfano na kuvipiga picha. Ninachotaka ukitazame ni walichochagua kuchora: vyuma vigumu, mandhari nyeusi, nyota, taa chache. Hakuna maji, hakuna nywele, hakuna umati wa watu. Walichora kile ambacho mashine yao iliweza kukichora vizuri. Wewe umechagua bahari, lakini umechagua pia usiku, na usiku ni rafiki yako kuliko unavyojua. Nitarudi hapo.

Mfano wa karibuni zaidi unaugusa moja kwa moja mradi wako. Mwaka 2025 filamu ya Flow ya Gints Zilbalodis wa Latvia ilishinda Oscar ya katuni ndefu. Ilitengenezwa kwa Blender, programu hiyohiyo uliyonayo, na imejaa maji mwanzo hadi mwisho, mafuriko na mashua. Mwenyewe alieleza kwamba fremu moja ilirendiwa kwa kati ya nusu sekunde na sekunde 10 hivi, kwa picha kubwa ya 4K, bila kukodi mlolongo wa kompyuta za kurendia. Watu wameichukua habari hiyo na kuigeuza ngano, kwamba Oscar imeshindwa na kijana na laptop yake bila senti. Si kweli. Filamu ile ilikuwa na bajeti ya takriban yuro milioni 3.5, ilikuwa na watengenezaji katika nchi tatu, ilichukua miaka, na kompyuta yake haikaribiani na yako. Lakini sekunde 10 kwa fremu ya 4K yenye maji, dhidi ya dakika zako 14, ni pengo ambalo tofauti ya mashine peke yake haitoshi kulieleza. Yeye alitumia njia nyingine ya kurenda.

Blender inakupa injini mbili kuu. Kwa dakika 14 nina hakika unatumia Cycles. Cycles hufuata mwanga. Kwa kila nukta ya picha hutuma mshale kutoka kwenye kamera. Mshale ukigonga kitu unadunda kuelekea upande wa kubahatisha, unagonga kingine, mpaka uifikie taa au uishiwe midundo. Mshale mmoja hauwezi kukupa rangi ya kweli ya nukta ile, kwa hiyo Cycles hutuma mingi na kuchukua wastani. Ni kama kuulizia bei ya vitunguu sokoni: ukimuuliza muuzaji mmoja unaweza kupotea, ukiuliza wengi unaikaribia bei halisi, lakini kadiri unavyotaka uhakika zaidi ndivyo maswali yanavyozidi kuwa mengi. Hesabu yake ni kali. Ukitaka chenga za kwenye picha zipungue kwa nusu, mishale lazima iwe mara nne. Ukitaka zipungue kwa nusu tena, mara kumi na sita.

Na maji ndiyo mzigo mkubwa kuliko yote katika utaratibu huo. Ukuta wa udongo ukigongwa, mshale unadunda mara mbili tatu na mambo yamekwisha. Maji yakigongwa, sehemu inaakisiwa, sehemu inapenya, inapinda, inagusa chini, inarudi juu, inagonga ubao wa dau. Ongeza usiku: taa yako ni moja ndogo, kwa hiyo mishale mingi inafia gizani bila kuiona, na picha inajaa chenga. Programu inaona chenga, inatuma mishale mingine. Hapo ndipo dakika zako zinapokwenda.

Sasa fungua sehemu ya mipangilio ya Render. Kama hukuwahi kuigusa, na toleo lako ni la miaka hii ya karibuni, utakuta Max Samples ni 4096 na Noise Threshold 0.01. Maana yake umeiruhusu mashine itume hadi mishale 4,096 kwa kila nukta, na picha ya 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni mbili. Weka 128, threshold ipandishe hadi 0.1, kisha washa Denoise ya sehemu ya Render, ambayo husafisha chenga zilizobaki baada ya hesabu. Shuka kwenye Light Paths: jumla ya midundo inayoruhusiwa huwa 12, jaribu 4, maji yakiwa meusi sana panda hadi 6. Zima caustics zote mbili, ile mimeremeto ya mwanga uliopita kwenye maji au kioo. Halafu renda kwa 1280 kwa 720, nukta zitashuka kutoka 2,073,600 hadi 921,600, chini ya nusu. Watazamaji wako wengi watakuwa wameshika simu mkononi. Hadithi ikiwashika, hawatahesabu nukta.

Nikuonye kuhusu Denoise. Kwa picha moja iliyosimama ni msaada mkubwa. Kwa katuni husafisha kila fremu kivyake, na makosa yake hayafanani kati ya fremu moja na inayofuata, kwa hiyo kwenye eneo la giza utaona madoa yanayotambaa kama wadudu. Renda sekunde mbili za bahari na uzitazame zikitembea kabla ya kuamini picha moja nzuri.

Ndiyo maana kwa bahari yako mimi ningehamia injini ya pili, EEVEE, ile iliyotumika kwenye Flow. EEVEE haiufuati mwanga unakokwenda. Inachukua maumbo, inayabandika kwenye bapa la picha, inayapaka rangi, na kivuli inakikadiria kwa njia za mkato, sawa na gemu zinavyofanya. Matokeo hayana chenga kama zile za Cycles. Hasara zake zipo: kioo na maji haviakisi sawasawa kitu kisichoonekana ndani ya picha, na mwanga unaodunda ukutani unabidi uuigize kwa kuongeza taa hafifu pembeni. Kwenye chumba chenye dirisha la jua ungeuona upungufu huo. Kwenye bahari ya usiku hautauona karibu kabisa.

Hapa narudi kwenye usiku. Fikiria wavuvi wa dagaa na karabai zao. Mwanga wa karabai unafanya duara la mita chache, ndani yake unaona mbao za dau, uso wa mtu, pindo la tanga, na maji yakimeremeta. Nje ya duara hilo ni weusi. Huna haja ya kutengeneza bahari inayofika upeo wa macho. Tengeneza kipande cha maji cha mita kumi kwa kumi kinachofuata dau, mbali zaidi weka bapa jeusi lenye mng'ao mdogo, na njia ya mwezi juu ya maji ichore kwa mkono kama picha moja inayotikisika. Mtazamaji wa Pangani ataijua bahari hiyo kuliko ile ya kompyuta yenye kila wimbi. Nasema hivi nikiwa na upendeleo wangu, maana napenda katuni zinazoacha giza liwe giza.

Kwa mashine ambayo picha zake hushughulikiwa na prosesa ya Intel yenyewe, kama yako, jaribu EEVEE kwenye matoleo mawili. Toleo la 4.2 la mwaka 2024 lilikuja na EEVEE iliyoandikwa upya. Ni nzuri zaidi, lakini nzito zaidi kwa chipu ndogo. Toleo la 3.6 bado linapatikana kwa kupakua bure na kwenye mashine za zamani mara nyingi huenda wepesi. Matoleo yote mawili yanaweza kukaa kwenye kompyuta moja. Ila nakili faili lako kwanza, kwa sababu faili lililohifadhiwa kwenye toleo jipya linaweza kupoteza vitu likifunguliwa kwenye la zamani.

Tuseme umefika sekunde 25 kwa fremu. Fremu 8,640 zinakuwa saa 60. Ukirenda saa tisa kila usiku, ni usiku saba. Usizishike sekunde 25 zangu kama ahadi, pima mwenyewe. Chagua fremu kumi zilizotawanyika kwenye filamu nzima, ikiwemo ile mbaya kuliko zote, zirende, andika muda wa kila moja, chukua wastani. Hiyo ndiyo namba ya kufanyia maamuzi, na ndiyo namba ambayo fundi alipaswa kukuuliza kabla ya kukutajia bei.

Bado idadi ya fremu. Kwa katuni nyingi za kuchora, mhusika hubadilika mara 12 kwa sekunde, kila mchoro ukikaa fremu mbili, na jicho halilalamiki. Blender ina kisanduku cha Step. Ukiweka 2 kwenye maonyesho ya mazungumzo na ya utulivu, kazi yake inakatika nusu. Acha fremu 24 kwa mawimbi na kwa lile tanga linapochanika. Na kila onyesho ambalo kamera haisogei, mfano mke wa mvuvi amekaa barazani akisubiri, renda baraza mara moja tu kama picha moja, kisha renda mama peke yake ukiwa umewasha Transparent kwenye sehemu ya Film, na uviunganishe baadaye. Baraza la fremu 400 linakuwa baraza la fremu moja. Kivuli chake kwenye sakafu kitahitaji ufundi kidogo, lakini jioni moja inatosha kujifunza.

Na kama ukigundua unapenda kuchora kuliko kujenga maumbo, Blender hiyohiyo ina Grease Pencil ya kuchora katuni bapa, Krita ni ya bure, na OpenToonz nayo ni ya bure tangu 2016. Imetokana na Toonz, programu ambayo Studio Ghibli ya Japani imekuwa ikiitumia tangu miaka ya 1990. Katuni bapa haisumbui mashine yako hata kidogo. Inausumbua mkono.

Tuje kwenye pesa, kwa sababu kuna mahali pa kutumia pesa kidogo.

Cha kwanza ni RAM. Renda fremu yako nzito huku Task Manager ikiwa wazi. Ukiona Memory inakaribia mia na Disk nayo imeganda kwenye mia, kompyuta imeishiwa RAM na inahamishia data kwenye diski. Diski yako ya kuzunguka ni taratibu kupita kiasi kwa kazi hiyo, na hapo prosesa inakaa inasubiri. Kuna sababu nyingine ambayo wauzaji wengi hawaisemi. Kompyuta isiyo na kadi ya picha huazima RAM ya kawaida kwa kazi za picha. RAM zikiwa mbili zinazofanana, kwenye nafasi zilizopangwa kwa jozi, zinafanya kazi sambamba na njia ya data inapanuka mara mbili. Ikiwa 8GB yako ni kijiti kimoja, kuongeza kijiti cha pili cha 8GB kunakupa nafasi na kasi ya EEVEE kwa mpigo. Fungua mfuniko uangalie. Ile nyembamba (SFF) hutumia RAM za DDR4 za kompyuta za mezani, na ile Micro yenye ukubwa wa kitabu hutumia za laptop. Usinunue kabla ya kuangalia.

Cha pili ni SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka. Haitaipunguzia fremu muda wake wa hesabu, isipokuwa kama ulikuwa umeishiwa RAM, lakini kufungua faili, kuhifadhi na kukata video kutabadilika kabisa. Cha tatu ni UPS, betri ya dharura ya kompyuta, nitaieleza hapo chini. Kwa bei ninazoziona, vyote vitatu kwa pamoja havifiki hata robo ya ule mkopo. Bei za RAM zina tabia ya kuruka, kwa hiyo ulizia maduka mawili matatu. Na SSD ya bei ya kushangaza iache. Kuna zinazojitangaza 1TB na ndani hazina hata robo yake. Ukishainunua, ijaribu kwa H2testw kabla hujaiamini na kazi yako. Programu hiyo huandika data mpaka mwisho wa diski kisha huisoma tena, na uongo hujulikana.

Kadi ya picha je? Kwa kasha lako jembamba, kadi nyingi haziingii kwa urefu wala kwa umeme. Pawasaplai ya OptiPlex ya aina hiyo ni ya takriban wati 180, soma lebo yake, na haina nyaya za kulisha kadi kubwa. Kinachoweza kuingia ni kadi fupi ya kimo (low profile) inayokula umeme wa kwenye nafasi yake tu, usiozidi wati 75. Ukikuta GTX 1650 fupi ya mtumba kwa bei nzuri, itakusaidia kweli, hata Cycles itaenda. GT 1030 sikushauri. Ni pesa ya kuongeza hatua ndogo. Na ukinunua mtumba, waambie waichomeke mbele yako na ufungue GPU-Z, programu inayoitambua kadi. Kuna kadi za zamani zilizobadilishwa programu yake ya ndani zijitangaze kuwa GTX 1050 Ti, na GPU-Z mara nyingi huzikamata kwa kuandika neno fake kwenye jina. Muuzaji akikataa kuijaribu, ondoka.

Video za simu zinakwamakwama kwa sababu tofauti kabisa. Simu haihifadhi kila picha nzima. Huhifadhi picha moja kamili, kisha mabadiliko tu kwa picha nyingi zinazofuata, ili faili liwe dogo. Ukitaka kukata katikati, programu inabidi irudi hadi picha kamili iliyotangulia na kujenga upya kila iliyofuata mpaka ifike ulipobofya. Kwa 4K ni kazi nzito. Tumia Kdenlive au Shotcut, na washa proksi. Programu itatengeneza nakala nyepesi za video zako, utakata kwa hizo, na wakati wa kutoa filamu itarudi yenyewe kwenye zile halisi. Jambo lingine la simu ni kwamba kasi ya fremu hupandashuka wakati wa kupiga, na hapo sauti huanza kuachana na midomo. Zipitishe kwanza kwenye programu ya HandBrake, uchague Constant Framerate. Na kwa kazi zijazo piga kwa 1080 tu. DaVinci Resolve, ambayo lazima mtu atakutajia, ina toleo la bure na ni nzuri sana, lakini inadai kadi ya picha. Kwenye mashine yako itakuchosha.

Kuhusu umeme, kanuni ni moja na naisema kwa msisitizo: usirende moja kwa moja kuwa faili la video. Umeme ukikatika kwenye fremu ya 3,000, faili la video linaweza lisifunguke kabisa na usiku wote umepotea. Renda kuwa picha za PNG, faili moja kwa kila fremu. Kwenye Output, ondoa tiki kwenye Overwrite. Umeme ukirudi, unabofya renda tena na Blender inaruka zilizokwisha kufanyika. Ile ya mwisho iliyokatikia njiani ifute kwanza. Picha zikikamilika unaziunganisha kuwa video kwa muda mfupi. UPS ya kawaida haitakuendesha usiku kucha. Kazi yake ni kukupa dakika za kuzima kwa utaratibu, na kuizuia mashine isizimike kila umeme unapocheza kidogo.

Na weka nakala mbili za mradi, moja nje ya nyumba, hata kwa dada au shuleni. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, ambaye amekuwa akitengeneza filamu za mapigano kwa kompyuta anazoziunga mwenyewe kutoka vipuri vya zamani, alilazimika kuifuta kwenye kompyuta filamu yake iliyomletea jina, ya mwaka 2010, ili apate nafasi ya iliyofuata. Inayotazamwa duniani leo imetokana na nakala ya DVD. Filamu ile imependwa hivyohivyo ilivyo, lakini mtu aliyefanya kazi kubwa namna ile alistahili kubaki na kazi yake nzima.

Ukikwama na maonyesho mawili matatu tu yanayogoma kushuka muda, kuna SheepIt, mtandao wa bure ambapo watu hurendeana. Mashine yako ikifanya kazi za wengine unapata pointi, nao wanafanya zako. Unahitaji bando la kupandisha faili, na ujue faili lako litapita kwenye mashine za watu usiowajua. Kwa onyesho la bahari haina shida. Kwa kazi ya mteja mwenye siri, hapana.

Sasa mkopo wenyewe. Mashine ya milioni 3.2 si wizi; ni nzuri, na kuna siku itakufaa. Siku hiyo ni pale mtu anapokuwa ameagiza kazi, ametanguliza malipo, na muda aliokupa hautoshi kwa mashine uliyonayo hata baada ya haya yote. Hapo marejesho yana pa kutoka. Leo marejesho yatatoka kwenye mshahara wako wa ualimu, mwaka mzima, kwa ajili ya filamu ambayo bado haijakamilika. Nimewaona vijana wenye mashine kubwa ambao hawajamaliza dakika moja, maana mashine mpya ilifika na tatizo lao lilikuwa hadithi. Wewe hadithi unayo. Ukifika siku ya kununua, chukua kasha kubwa la kawaida lenye pawasaplai inayobadilishika, hata prosesa ikiwa ya wastani, ili uweze kuongeza kadi polepole kwa fedha yako.

Yapo mambo ambayo maelezo ya kuandika hayatoshi, mtafute mtu ana kwa ana. Mashine ikijizima yenyewe katikati ya kurenda huku umeme upo, karibu kila mara ni joto: vumbi kwenye feni, au pesti ya kupozea prosesa imekauka. Vumbi unaweza kulipuliza mwenyewe mashine ikiwa imezimwa na waya umechomolewa. Pesti mwachie fundi anayeifanya mbele yako. Ukisikia harufu ya kuungua au ukishika kasha ukapigwa na umeme, chomoa na usiiwashe mpaka fundi umeme aangalie na soketi ya ukutani pia, kwa sababu nyumba nyingi hazina waya wa ardhi unaofanya kazi. Usijaribu kuifungua pawasaplai. Huhifadhi umeme hata ikiwa imechomolewa. Diski ikianza kugonga tik, tik, tik, acha kurenda saa hiyohiyo na unakili mradi kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Na kabla ya kuionyesha filamu hadharani au kuiuza, fika au wapigie Bodi ya Filamu Tanzania ujue kibali unachohitaji, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kuhusu haki za kazi yako na za muziki utakaoutumia.

Anza na zile fremu kumi. Zirende leo kwa mipangilio yako ya sasa, kesho kwa EEVEE, na uniandikie muda wa zote mbili pamoja na kilichoandikwa kwenye Memory. Nikiwa na namba hizo nitaweza kukwambia kama RAM peke yake inatosha au uanze na lile onyesho la tanga.